Kopo la Mchele wa Mungu

Dada yangu Biakthangi,

Hapa Lunglei mvua haijakoma, na nguruwe wetu kanenepa. Kanisa limenichagua nikafundishe watoto kule mbali, Arunachal. Wanataka jibu Jumapili. Nimefunga, nimeomba mwongozo, na bado sioni njia.

Jana Mama alitaka kupika. Kama kawaida, konzi ya kwanza ya mchele aliitia katika kopo la kanisa, sadaka yetu ya kila mlo. Akasahau, akatia nyingine, na nyingine, hadi sufuria ikabaki tupu.

"Mama, leo Mungu atavimbiwa!" nikamtania.

Akanitazama kama mgeni. "Wewe binti wa nani? Mamako hakukufundisha kumpa Mungu kwanza?"

Kisha akanijua, akacheka. "Ramengi, mwanangu, nenda ukafundishe. Mungu atanilisha."

Dada, nikienda atabaki peke yake. Mungu atamlisha kwa mkono wa nani?

Alipotoka kidogo nilifungua kopo, nikarudisha mchele sufuriani, nikapika. Mama aliposhukuru kwa chakula, nilishindwa kusema amina. Sijui kama nilikuwa nimemwibia Mungu, au yeye ndiye aliyekuwa akinijibu.

Niombee. Au uje.

Mdogo wako,
Ramengi