Kitenge cha Mama Riziki

Jumapili, 5 Julai
Kambini kwa wakimbizi tena, barabara ya Kibati. Baada ya misa nimepiga picha mpaka betri ikaisha. Vumbi tupu. Kila mtu anataka picha isiyoonyesha kambi. Wataituma Butembo, na hakuna anayetaka shemeji zake waone mahema. Hapo ndipo namhitaji Mama Riziki. Husimama nyuma ya mteja, ananyanyua kitenge chake cha bluu chenye ndege wa njano, na hema linapotea. Leo amelalamika mikono inamuuma. Nimemwambia ni uvivu. Amecheka sana.

Jumatano, 8 Julai
Bomu kambini, sokoni. Wanasema lilitegwa chini ya meza ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa mjini, Kituku, nasubiri wateja. Nimepanda pikipiki, askari wamefunga njia, nimerudi. Basi. Hicho ndicho nilichoweza.

Alhamisi, 9 Julai
Mama Riziki amekufa. Alikwenda kununua samaki wa mchana. Jeneza halikupatikana, wamemzika amefungwa ndani ya kitenge kile kile. Sijalia. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 13 Julai
Watu wa shirika fulani wamefika kambini na gari lao jeupe kutoka mtaa wa Himbi. Wanataka picha ya kila aliyekufa, ziwekwe kwenye ubao wa ukumbusho, misa ya Jumapili. Familia zimenifuata nyumbani. Wafu wao ninao karibu wote, wamejipanga kwenye kompyuta, wanatabasamu. Inatisha.

Wa mwisho kuingia ni mume wake, Papa Riziki. Kofia mkononi.

"Papa Foto, miye naomba tu sura ya mama Riziki. Siko nayo ata moja. Zote ziliungua na nyumba kule Rutshuru."

Nimemwambia arudi keshokutwa. Niliogopa kumjibu.

Jumatano, 15 Julai
Nimepitia picha zote. Vidole vyake vipo, kushoto na kulia, vimeshika kitenge. Katika moja kuna ncha ya kilemba. Uso hakuna. Kila mara nilimwambia anyanyue zaidi, asionekane.

Papa Riziki amekuja, nimemwambia ukweli.

"Alikusaidiaka kila siku ya Mungu, na haukumupiga picha ata mara moja?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Ninamiliki kamera na sina faida yoyote.

Alhamisi
Sijatoka nyumbani.

Jumapili, 19 Julai
Misa ya ukumbusho. Ubao umesimamishwa karibu na altare. Sura zimejaa. Kwa Mama Riziki kuna jina, na chini yake nafasi tupu. Nilitaka kukimbia.

Papa Riziki alikuja mbele na binti yao, Riziki, amemshika mkono. Nafasi ile hata hakuitazama. Alianza na picha ya kwanza, ya mzee mmoja jirani yao. Aliweka kidole pembeni ya uso wa mzee, penye ndege wa njano.

"Mama iko hapa," akamwambia mtoto.

Akasogea kwenye picha iliyofuata. "Na hapa." Akaendelea hivyo, taratibu, mpaka mwisho wa ubao. Nyuma ya kila marehemu kulikuwa na kitenge kile.

Nje, mama mmoja ameniomba picha. Nimempiga palepale aliposimama, mahema yote nyuma yake.