Miguu ya Kitanda cha Mzee Kigen

Huruma, Eldoret
8 Septemba 2024

Kogo,

Nimekata miguu ya kitanda. Yote nne. Afadhali uisikie kwangu kabla Joyline wa maziwa arudi huko na mitungi tupu na hiyo habari.

Sasa salamu. Habari ya Kiplombe, habari ya ng'ombe, na magoti yanasemaje na hii baridi? Sisi tuko wazima. Kijana wako Kipngetich bado yuko safari ya Lodwar na lori, hajaona kitanda. Nakuandikia kwa sababu simu yangu uliacha kushika tangu mtoto wetu Jerop aanguke kutoka kitandani.

Najua hiyo kitanda mzee wako Kigen alitengeneza na mikono yake akatupatia tukioana, Mungu amlaze pema. Lakini aliitengenezea watu wakubwa. Hata mimi nilikuwa naipanda kama napanda lori. Ulisema Krismasi utakuja kumchukua Jerop akae kwako, kwa nyanya yake, mpaka aanze shule, kwa sababu mtoto wa kushushwa kitandani kama gunia hawezi kubaki na mama anayetoka alfajiri. Hayo maneno yalinikaa. Sasa pale nursery ninapofagia, watoto wanalala kwa vitanda vya chini kabisa, godoro karibu liguse sakafu. Mtoto akiamka, anashuka. Hakuna kulia, hakuna kungoja mtu. Mwalimu wao anasema mtoto akijua anaweza kushuka, atajua pia anaweza kuvaa kiatu. Nikaenda kwa fundi wa milango nikaomba msumeno.

Kogo, ungemwona Jerop. Siku ya kwanza aliangalia sakafu, akaniangalia mimi, akashuka kama mkubwa anatoka kwa gari yake. Sasa akiamka anakunja blanketi (vibaya, lakini anakunja), anavaa viatu, cha kulia kwa kushoto haidhuru, anagonga ukuta ili Eddah, jirani anayebaki naye nikienda kazi, aje kumfungulia. Hata miaka tatu hajafika. Kwa hii ploti yote hakuna kama yeye. Eddah mwenyewe ako na wa miaka tano na bado anabebwa. Mimi sisemi kitu.

Usije kumchukua. Njoo umwone tu.

Mtoto wako,
Mama Jerop


Kiplombe
15 Septemba 2024

Mama Jerop,

Salamu zimefika. Magoti ni yale yale. Ng'ombe mmoja amekauka, huyo mwingine anamtosha Jerop.

Simu sishiki kwa sababu kwa simu wewe unaongea mpaka mimi nasahau nilikuwa nimekasirika. Kwa karatasi nakumbuka.

Hapa kwetu ukishusha godoro chini watu wanauliza nani amekufa. Na hiyo miguu haikuwa mirefu bure. Mzee alijua mnaenda kupanga chumba kimoja. Aliniambia, "Hawa stoo yao ni chini ya kitanda." Alileta gunia mbili za mahindi akapima nazo, mimi nikiwa nimesimama hapo, ndiyo akakata mbao. Mwaka huu nikivuna nikuletee, utaweka wapi? Juu ya kabati?

Na hiyo miguu iko wapi? Usiniambie ulichemshia chai.

Halafu fikiria jambo moja. Mtoto anayeshuka mwenyewe anafungua mlango mwenyewe. Anayefungua mlango anafika geti. Nje ya hiyo geti pikipiki ni kama nzige. Krismasi nakuja kumchukua. Hapo sijabadilisha.

Kogo wa Jerop


Huruma
22 Septemba 2024

Kogo mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa Jerop, ambaye ameanza kujimiminia uji. Habari ya magoti? Ulipaka ile dawa ya kusugua niliyompa Joyline akuletee?

Kipngetich amerudi. Alifika jioni stima imepotea, akakaa pale kitanda kilikuwa, na kitanda hakikuwa. Alikalia hewa. Jerop alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Baba yake alikunywa chai yote, halafu akauliza kama wewe, "Miguu iko wapi?" Nikamwonyesha. Iko juu ya kabati, nimeifunga kwa leso yangu nzuri. Mimi nilikata, lakini sikutupa.

Sufuria nimetundika kwa misumari, na maji nimepanga kando ya mlango. Kuhusu mlango usiwe na wasiwasi. Komeo liko nje, na juu, hata Eddah analifikia kwa shida, na Eddah si mfupi.

Mahindi tutapata pahali. Nijibu.

Mtoto wako,
Mama Jerop


Kiplombe
27 Oktoba 2024

Mama Jerop,

Nilikuwa nimekataa kujibu. Maziwa nilituma, maneno sikuwa nayo. Sasa Joyline ameniambia kitu kuhusu Jerop na geti. Ameniambia yeye, wewe hukuniambia. Zimepita siku nyingi na nilikuwa nangoja.

Niambie mwenyewe. Halafu ndiyo nitakusalimia.

Kogo


Huruma
3 Novemba 2024

Kogo,

Ni kweli.

Ilikuwa Jumamosi, sikuwa kazini. Jerop alikuwa amelala. Niliteremka na jerikeni kwa mfereji wa nyuma, na mlango niliurudisha tu. Komeo sikufunga, kwa sababu nilijua narudi sasa hivi. Kwa mfereji kulikuwa na foleni, na wewe unajua mimi na watu. Nilikuwa nawaeleza vile Jerop anajivalisha.

Nikarudi nikapata kitanda wazi na blanketi imekunjwa. Kogo, hiyo blanketi ndiyo iliniogopesha. Ingekuwa imetupwa ningejua amekimbilia tu hapo kwa Eddah. Imekunjwa, nikajua ametoka na mpango. Nilikimbia bila viatu.

Alikuwa ndani ya geti, hakutoka, lakini geti ilikuwa wazi na barabara ni hatua tu. Alikuwa amesikia Joyline akiita maziwa. Alishuka, akavaa viatu, akachukua jagi, akaja. Joyline alimuuliza, "Nani amekutuma?" Akajibu, "Mimi." Joyline akauliza unataka maziwa gani. Akasema, "Ya Kogo."

Na mgongoni alikuwa amefunga mguu wa kitanda na kitambaa changu. Ule mmoja alinililia siku nyingi nikamtolea kwa leso. Ndiyo mtoto wake. Anaubeba kila pahali, na ukiongea kwa sauti anakuambia unyamaze, analala.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungesema ulisema. Na ulisema. Mimi najisifu sana, najua. Niliwasifia watu mtoto na mlango uko wazi.

Ukija Krismasi kumchukua, nitamfungia nguo zake. Sitakuwa na neno.

Mama Jerop


Kiplombe
17 Novemba 2024

Mama Jerop, mtoto wangu,

Habari yako? Habari ya kazi? Mimi ni mzima, dawa ya magoti inanuka lakini inafanya kazi. Tumemaliza kuvuna.

Ya geti Joyline alinieleza yote. Ya mguu mgongoni aliniachia nisome kwa barua yako. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, halafu nikafika hapo. Ilibidi nivue miwani. Mzee alituacha kabla ya kumwona Jerop. Kama mguu wake unabebwa, basi unabebwa.

Nimefikiria. Mtoto anayesimama ndani ya geti na jagi akingoja cha kwao hahitaji kuchukuliwa. Anahitaji kufungiwa mlango. Mlango ni kazi yako na Kipngetich, na kila mara mtu akitoka, hata kama anaenda tu kujisifu kwa mfereji. Jerop atakaa na nyinyi. Nguo zake usifunge.

Lakini mahindi hayatalala juu ya kabati. Mbao za ule mti Mzee alitengenezea kitanda chenu zilibaki nyuma ya boma, na Kiplimo fundi amezipiga randa. Anamtengenezea Jerop kitanda chake, cha chini vile mnafanya huko nursery, nimekaa hapo mwenyewe nikimwonyesha na mkono. Kile kikubwa atakirudishia miguu. Anasema ulikata vibaya sana lakini itaungika. Tatu zitakuwa za Mzee, moja ya Kiplimo. Ile ingine muachie mtoto, na msiongee kwa sauti.

Mwambie Eddah alete na wake aone vile watu wanashuka. Mwambie Kipngetich akatae safari ya Lodwar hiyo wiki. Pika ya kutosha. Tunakuja mimi, Kiplimo na vyombo vyake, Joyline na maziwa, na gunia mbili, Jumamosi tarehe saba Desemba.

Mama yako,
Kogo wa Jerop