Madebe ya Baba Mkwe na Dawa ya Trekta

Jumatatu, 9 Januari 1956

Nimefuta trekta kama kila Jumatatu. Nimebomoa viota vya nyigu chini ya kiti, nimepaka grisi. Sijaiwasha. Tangu masika yaliyopita haijanguruma hata mara moja. Kazi yake hapa kambi ya barabara, Ipole, ni moja tu, kuvuta malori yakizama mbugani. Kiangazi chote inalala chini ya bati, nami nachimba mitaro na wenzangu.

Mvua imekuja kwa fujo. Mbuga imejaa maji. Lori halifiki tena Sikonge, kwenye hospitali ya misheni. Trekta itafika.

Naogopa. Niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Rahel mke wangu ana mimba ya miezi minane. Mama Lea mkunga kampapasa jana, kasema mtoto amelala mkingamo, asithubutu kuzalia nyumbani. Mwaka juzi tulimpeleka hospitali ya misheni kwa lori. Lori likazama, mtoto akazaliwa humo humo mbugani, hana pumzi. Nilimzika kando ya barabara. Kila nikipita pale natazama upande mwingine.

Bwana wa barabara ameniruhusu kwa barua: Jumanne ijayo nimpeleke Rahel kwa trekta. Sawa. Sasa swali ni moja. Dawa.

Jumanne, 10 Januari

Kopo la dawa lipo kabatini. Bwana aliniachia tangu Mei, akasema nitie kwenye tangi kabla ya kulaza trekta, mafuta yasioze. Sikutia. Dereva aliyenitangulia aliniambia dawa ile inatafuna mipira ya pampu. Nikamwamini yeye, nikamwambia Bwana nimetia.

Uongo huo umelala na mimi miezi minane.

Jumatano, 11 Januari

Nilimwandikia fundi Salum juu ya dawa; jibu lake limefika, kalileta dereva wa lori kutoka mjini, lori kaliacha ng'ambo, kavuka mbuga kwa miguu. Salum ana karakana Gongoni, ndiye aliyenifundisha kazi. Anasema nitie tu, hata kama nimechelewa, ila nisizidishe kipimo. Tena anasema, kabla ya dawa nimwage maji yaliyokaa chini ya tangi, kwani dawa si mwujiza. Mwishoni kaniandikia: "Mwenye hofu hashiki spana." Rahisi kwake. Trekta haimbebi mke wake.

Sijatia. Nimefungua kopo, nimenusa, nimelifunga.

Ijumaa, 13 Januari

Nimemwaga maji ya chini ya tangi, kikombe kizima. Kisha nimejazia dizeli ya akiba. Ile akiba ilikuwa kwenye pipa, pipa likaoza kitako mwezi wa kumi, Baba Mkwe akaniokoa na madebe manne. Mzee ni mrina asali, ana madebe kuliko mtu yeyote Ipole. Leo nimemimina matatu, la nne limebaki.

Dawa nimetia. Nusu ya kipimo. Mtu mwoga hata dhambi anaifanya nusu.

Jumamosi, 14 Januari

Imewaka! Moshi mweusi, kisha mweupe, kisha ikatulia. Nilipiga kelele kama mwehu. Rahel alitoka jikoni ameshika kiuno, anacheka.

Nikaizungusha uwanjani. Robo saa. Ikaanza kukohoa. Ikafa.

Nimetoa hewa kwenye bomba, nimewasha tena. Dakika tatu, imekufa. Mara ya tatu haikuwaka kabisa. Nimefungua chujio. Limeziba kwa utelezi wa rangi ya kahawia, unanata vidoleni. Nina chujio jipya moja tu. Nikiliweka nalo likizibwa, basi.

Ni dawa. Ni dawa tu. Nilijua.

Jumapili, 15 Januari

Kanisani sikusikia neno hata moja. Rahel hakwenda, miguu imevimba, viatu haviingii.

Mchana nimemweleza ukweli wote, dawa, uongo, chujio. Nilidhani atalia. Akasema kama trekta haiendi, wanaume wambebe kwa machela, watakata mbuga kwa miguu. Maji yanafika kifuani! Nikamwambia hivyo.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa njia hii hii mpaka pwani, miezi mitatu kwenda na miezi mitatu kurudi. Mimi nina injini na maili ishirini zinanishinda. Nimejichukia leo kuliko siku zote.

Jumatatu, 16 Januari

Leo niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi jua lilitoka. Nimekwenda bandani kumwaga tangi lote, nianze upya. Nikakuta nyuki. Si kundi, kama thelathini hivi. Nikakimbia kwanza. Kisha nikaona hawanitaki mimi. Wako kwenye yale madebe matatu matupu, wanaingia na kutoka kwenye pindo za midomo.

Nyuki hawanywi dizeli.

Nikachukua lile debe la nne, lenye mafuta bado. Nikatumbukiza ufito mpaka chini, nikautoa. Ncha yake imeshika kitu kizito cha kahawia. Nikagusa kwa ulimi. Chini ya ukali wa dizeli, utamu. Asali na nta! Madebe yalitiwa mafuta bila kuoshwa vizuri, na nimeyamimina mwenyewe, kwa mikono yangu, mpaka tone la mwisho.

Dawa haina kosa. Wala kuchelewa kwake.

Najua nilipokosea, na ndipo panaponiuma. Mwezi wa kumi Baba Mkwe alinikabidhi madebe uani kwake, kwa mikono miwili. Kuinama mbele ya mkwe, kuchungulia ndani ya chombo chake, kukinusa kama mtu anayeshuku uchafu? Kwetu hilo halifanyiki. Nikapokea nimeinamisha macho, nikashukuru. Nilipofika bandani pipa linavuja, sikuwa na subira. Nikamimina.

Nimemwaga tangi. Nimeliosha kwa mafuta ya taa mara mbili. Dizeli yote nimeiacha itulie kwenye makarai, kesho alfajiri nta ikiwa imeganda nitachota ya juu na kuichuja kwa blanketi.

Jumanne, 17 Januari

Uchungu umeanza saa moja asubuhi. Mapema mno.

Nilikuwa nachuja. Mama Lea kaja mbio kuniita. Nikamwambia siwezi kuja, kama nikija hatutatoka. Nilisikia sauti ya Rahel kutoka nyumbani na nikaendelea kuchuja. Mungu anisamehe. Blanketi la harusi yetu.

Chujio jipya nimeweka. Dawa nimetia, safari hii kipimo kizima, kwa mkono uliotulia sijui kwa nini. Nimetoa hewa. Betri ilikuwa imechoka, wenzangu wanne wakasukuma mteremkoni. Ikawaka.

Rahel kwenye tela, juu ya magodoro, Mama Lea ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Mbugani maji yalifika juu ya ekseli. Injini ikashuka sauti mara moja, pale pale karibu na kaburi. Nilikojoa. Naandika kwa sababu ni kweli. Kisha ikapanda tena.

Tumefika saa saba. Wamemwingiza. Mimi niko nje kwenye benchi, nanuka dizeli.

Jumatano, 18 Januari

Msichana. Analia. Rahel amepasuliwa, amelala, anapumua.



Jumapili, 19 Februari

Tumerudi nyumbani siku tisa sasa. Bwana nimemwandikia ukweli juu ya dawa ya Mei. Amejibu kwa ukali, lakini kazi ninayo.

Leo Baba Mkwe kaja kumwona mjukuu. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamketisha barazani. Nilikuwa nimeyaosha madebe yake kwa maji ya moto na majivu, siku mbili. Nikamrudishia kwa mikono miwili. Sikupanga kusema neno.

Akalichukua la kwanza, akaliinua, akatumbukiza pua yake ndani mbele yangu. Akanusa. La pili, akanusa. Yote manne. Kisha akayaweka kando, akasema hayawezi kurudi kwenye asali, nibaki nayo kwa mafuta yangu.

"Warina hatutii kitu chomboni kabla ya kunusa," akasema. "Hata chombo cha baba yako. Wewe ulinusa nilipokupa?"

"Hapana, baba. Niliona haya."

Nadhani alielewa yote, maana alimtazama Rahel, kisha mtoto. Akasogeza debe moja mbele yangu kwa mguu.

"Haya, nusa sasa."

Nikainama, nikanusa.