Kwa Mvuta Kamba Wangu Aliyeko Kasulu

Mke wangu Mama Anastazia,

Kuanzia Kitahana mpaka Kasulu hakuna mwanamume anayekereza pia za kusokotea uzi kama mimi. Nikiiachia pia yangu inazunguka wima, imetulia kama padri anayesikiliza maungamo, na uzi wa pamba unatoka mwembamba bila kukatika. Na nazichonga peke yangu.

Uongo. Ule ule. Nimeurudia ili wote waliousikia siku ile wausikie tena, halafu wanione nikiumeza. Nilikudhalilisha hadharani, basi na barua iwe ya hadharani: nampa katibu wa akina mama wasokotaji aisome kwenye kikao chao, kisha aipeleke huko Kasulu, binti yetu akusomee. Kama kuna herufi zimeruka, unajua darasa la nne nililiacha kupitia dirishani.

Wageni walipokuja na kamera yao wakauliza fundi ni nani, wewe ulikuwa umekaa chini, kamba mkononi, vumbi la mninga limejaa kwenye nyusi. Nikasema, "Ni mimi peke yangu. Huyu mama ananisaidia kufagia." Kufagia! Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Ukaikunja kamba polepole. "Haya, fundi, endelea," ukasema, ukaingia ndani kufunga khanga zako.

Nilidhani utarudi Jumapili.

Unakumbuka tulivyoanza? Magogo mawili, misumari miwili, kijiti cha mpera katikati, kamba imekizunguka mara mbili. Wewe unavuta huku, unavuta kule, mti unazunguka, mimi nimeshika patasi. Ukivuta kwako nakata, ukirudisha nainua. Mwanzoni kuinua kulinishinda, nikavunja vijiti vitano asubuhi moja, ukaniambia, "We mutama, hata ng'ombe anajua wakati wa kupumua!" Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, unaniita mzee.

Na wewe ndiye uliyeijua pia ya uzi ikianza kupinda. Macho yangu hayajaona kitu, wewe umeshasimamisha kamba: "Ina tumbo upande huu." Nabisha. Napima. Ina tumbo. Nikakuuliza unajuaje, ukasema kamba inakutekenya kiganja. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa mshika patasi tu, ufundi wenyewe ulikuwa kwenye kiganja chako. Nililijua hilo. Ndiyo maana niliona raha kulikana mbele ya kamera, mjinga mimi.

Ulipoondoka nilifunga kamba kwenye tawi, nikawa naikanyaga kwa mguu. Pia zangu zikatoka vilema. Nikamfunga mbuzi, nikamwekea majani ya viazi mbele na nyuma ili awe anaenda na kurudi. Alienda. Hakurudi. Kamba na kijiti chake vilimfuata mpaka uani kwa mwinjilisti, katikati ya maombi. Cheka basi. Nimeandika hilo ucheke, maana linalofuata mimi mwenyewe siliwezi.

Wameniambia mkono wako wa kulia umekufa. Kwamba uliamka ukakuta hauinuki, na mdomo umeelemea upande. Mkono ule wa kamba. Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Anastazia akanizuia getini kwake: "Baba, mama hataki kukuona." Na mimi nakusikia ndani unaomba maji, maneno yanatoka kwa shida, kama umeazima ulimi wa mtu. Nilisimama pale mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimepotea. Nikarudi Kitahana sijasema hata pole.

Hizo pia za uzi hata zikichomwa zote chini ya chungu, sawa tu. Ninachoogopa ni kimoja: kwamba utaondoka duniani, na neno la mwisho ulilolisikia kinywani mwangu ni lile la kufagia. Likinijia natoka, nazunguka kwenye migomba, sijui natafuta nini. Jana nimejikuta nimesimama na jembe mkononi, wala sikuwa na cha kulima.

Sasa sikiliza, kuna kitu nakudai. Wiki ile ulipoolewa ulimpikia marehemu baba yangu maharage, ukatia chumvi mara mbili kwa hofu. Mzee alipokunja uso nikasema ni mimi niliyeimwaga, kwa utani. Nikala fimbo ya mgongo, mwanamume mwenye mke! Jikoni ukaninong'oneza huku unajizuia kucheka, "Nina deni lako la uongo mmoja." Sijawahi kulidai hata siku moja.

Anastazia, wewe unayemsomea mama, hapa msomee mistari miwili, ila wewe usiisikie.

Alhamisi nitakuwa getini. Uongo ninaokudai ndio huu: mwambie binti yako kwamba ni wewe uliyeniita.

Mumeo,
Baba Anastazia