Ndege Yenye Viatu Imefika, Bibi

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Najua ungeikataa. Ungesema mume hamwamkii mkewe shikamoo, na kwa kuwa nilipewa jina la Babu Yeremia, umeniita mume wangu tangu sijajua kufunga vifungo, na kila Krismasi ukanidai khanga. Leo pokea tu. Nina habari ya kukupa na nina kosa la kuungama, na nimeona nianze na habari kwa sababu kosa linanitia aibu.

Ndege imekuja.

Ndiyo, ile ile. Yenye viatu. Imetua kwenye bwawa letu la Hombolo mchana kweupe, ikachota maji bila kusimama, ikapanda, ikayamwaga kilimani. Nimeiona kwa macho yangu haya ambayo ulisema yanafaa kutafutia nyama kwenye bakuli tu. Hata jirani yako Mzee Lameki, aliyekuita "Bibi Rubani" mpaka siku ya mazishi yako, ameiona, na imemlowesha. Nitakuambia.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulikuwa tumepumzika baada ya kupura uwele, nikafungua simu, ikatokea video ya huko ng'ambo: mlima unaungua, ndege inashuka ziwani kama bata, inateleza juu ya maji kwa vile vyelezo viwili vya chini ulivyoviita viatu, inaondoka imejaa, inamwaga. Ulininyang'anya simu. Mara ya kwanza ulitazama umeketi. Mara ya pili ulisimama. Ukaendelea kuitazama mpaka bando langu la wiki likaisha, ndipo ukasema: "Bwawa tunalo. Kilima tunacho. Moto tunao kila mwaka. Kilichobaki ni ndege tu."

Watu walidhani unatania. Lakini wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, na kila kiangazi wewe ndiye uliyetupandisha kilimani na matawi mabichi kuupiga moto, wewe mbele na gauni umelifunga kiunoni, sisi nyuma tunakohoa. Sheria yako ilikuwa moja: "Kila mtu azime mbele ya miguu yake." Mtu akiacha moto wake akakimbilia wa mwenzake, ulimchapa kwa tawi lilelile. Mimi nina alama begani. Kilima kile kina chemchemi tunayokunywa bomba likikauka, na kina mizinga yako ya nyuki kumi na minne, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulalamika.

Ukaniagiza nikuandikie barua kwenda ofisi ya misitu mjini. Kusoma hukujua, lakini ulisimama nyuma yangu ukikagua kama mistari imenyooka. Ukaniandikisha yale ya bwawa na kilima na moto, halafu ukaongeza: "Tunaomba ndege moja yenye viatu, hata kama imetumika. Rubani tutampa chumba na ugali wa uwele na mlenda. Kama hali mlenda, aje na mboga yake." Ukaweka dole gumba, ukapuliza wino ukauke, ukanikabidhi kwa mikono miwili.

Sasa kosa limefika mapema kuliko nilivyopanga. Bibi, sikuipeleka.

Nilifika mjini. Nilifika mpaka mlangoni pa ofisi, nikaona vijana wameketi na kompyuta zao, mashati yamepigwa pasi, nikajitazama mimi na barua ya kuomba ndege iliyotumika. Nikaingia duka la jirani nikanunua misumari, nikarudi nyumbani. Ukaniuliza kama wameipokea. Nikasema wameipokea na wamegonga muhuri. Hata sauti ya muhuri nilikuigizia, puu! Ulifurahi ukapiga kigelegele, na mimi nikakosa pa kuanzia.

Tangu siku hiyo, ndege ya kwenda uwanja wa Dodoma ikipita, ulitoka jikoni na mwiko mkononi, ukakinga macho, kisha ukarudi ndani ukisema, "Siyo hiyo. Ile haina viatu." Ulifanya hivyo miaka miwili. Na siku ile ya mwisho, mvua inanyesha, mkono wako umekuwa mwepesi ndani ya mkono wangu, ukafumbua macho ukaniuliza, "Wamejibu?" Nikasema wanashughulikia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoyasikia kwangu, mke wangu. Wanashughulikia. Jeneza lako tulilibeba kwenye tope mpaka chini ya mizinga yako, kama ulivyotaka, na nakuapia maneno yale yalinilemea kuliko jeneza.

Tulipomaliza matanga niliitoa barua kwenye begi. Ilikuwa imekunjika na ina doa la mafuta ya alizeti. Nikaipeleka, na safari hii niliingia. Dada wa mapokezi akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena kwa sauti, wenzake wakasogea. Walicheka, Bibi, sitakuficha. Walipofika kwenye mlenda, mmoja alilazimika kukaa chini. Lakini ofisa wao mmoja hakucheka. Aliichukua akaibandika ukutani, baada ya kuigonga muhuri. Na muhuri wao haulii puu. Unalia ta.

Haikupita miezi minne ikaja kampuni kutoka nje, inatafuta mahali pa kuonyesha ndege yake kwa siku tatu. Wakubwa wakaulizana ni wapi kuna bwawa, kilima na moto pamoja. Yule ofisa akanyoosha kidole ukutani.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Maturubai, kwaya, ngoma, wageni wenye miwani. Mbele kabisa kulikuwa na kiti chenye karatasi iliyoandikwa jina lako, Bibi Damari, kwa herufi kubwa. Ofisa akashika kipaza sauti, akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", halafu akauliza mwandishi wa barua yuko wapi. Watu wakainama. Neema, mke mwenzako, akainuka akatandika khanga yako ya njano kwenye kile kiti. Ofisa akatupa pole, akatazama karatasi yake, akasema, "Lakini hii ina tarehe ya mwaka juzi. Ilikawia wapi?"

Kijiji kizima kikanigeukia.

Nikasema, "Njiani."

Bibi, nilikaa pale nikitazama ile khanga mpaka macho yakaniuma. Ungekuwa umeikalia wewe. Ningeipeleka siku ile badala ya kununua misumari, ungekuwa pale mbele, umevaa viatu vya kanisani, unamkosoa rubani. Nilikunyima. Sina neno jingine.

Sasa sikiliza vituko. Mtaalamu wa ile kampuni alieleza mambo mengi, na mkalimani akajitahidi, lakini watu walishika sentensi moja tu: kesho rubani atakapoona moshi, hapo ndipo atakapomwaga maji. Wao walikusudia rundo la majani waliloliandaa wenyewe chini ya kilima. Lakini unajua tulivyo kiangazi. Bomba lilikuwa limenyamaza wiki tatu, zabibu zimejikunyata. Niliona watu wakitazamana, na sikuelewa.

Asubuhi nikaelewa. Moshi kila mahali! Nyumbani kwangu Neema amewasha majani mabichi pembeni ya zabibu, anapepea kwa ungo. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anakaribisha wageni. Wanakwaya wamewasha kwenye bustani yao ya mchicha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na moshi wake mdogo wa heshima nyuma ya nyumba, karibu na tangi lililofunuliwa kifuniko, na alipoulizwa alisema anafukuza mbu, kiangazi, Hombolo yote haina hata mbu mmoja. Lameki ndiye aliyezidi. Alirundika mabua ya alizeti yakafikia ukubwa wa nyumba, akayawasha, akavua shati, akakaa kwenye kigoda kando yake. Alikuwa ameshajipaka sabuni.

Upepo ukaja. Mabua ya Lameki yakaruka, yakashika nyasi, na kabla hajafumbua macho yake yenye povu moto ulikuwa umeanza kupanda kilima. Kilima chako. Ukaelekea chemchemi na mizinga na wewe mwenyewe uliyelala chini yake.

Ndege ikapaa bwawani imejaa, na rubani akawa anazunguka tu. Moshi wetu wote ulikuwa umetanda bondeni umekuwa blanketi moja. Ofisa aliyeshika redio akapiga kelele kwamba rubani anasema haoni kilima. Akaona kiraka kimoja akakimwagia, na kile kiraka kilikuwa shamba la Lameki, ambalo moto ulikwisha kulihama. Ukingo wa yale maji ulimkuta Lameki na kumwondoa kwenye kigoda. Aliinuka ametakata kuliko siku ya harusi yake. Mzigo wa pili ukaenda kwa mwenyekiti, ukakosa tangi, ukabomoa banda la kuku.

Watu walishangilia! Na wengine, kwa kuona inafanya kazi, wakaongeza majani.

Bibi, niliogopa. Kwenye sherehe zako za moto sikuwahi kuogopa kwa sababu ulikuwa mbele. Sasa natazama mbele hakuna mtu. Chemchemi ikiungua tutakunywa nini mpaka mvua? Nikakata tawi. Nikapanda juu ya meza ya wageni, nikaangusha soda zao, nikapaza sauti, na nakuambia sauti iliyonitoka ilikuwa yako, na ukali wake wote: "Kila mtu azime mbele ya miguu yake!"

Halafu Neema akageuza ungo akaanza kuupiga moto wake. Wanakwaya wakazima kwa mchanga. Mwenyekiti akazima mbu wake. Waliosita niliwachapa, wakiwemo wageni wawili wenye miwani ambao hawakuwa na moto wowote, nimewaomba radhi. Moshi mmoja baada ya mwingine ukafa, upepo ukalifagia bonde, kilima kikatokea, na juu yake moshi mmoja tu uliobaki.

Ndipo ikaja. Ilishuka bwawani, viatu vikagusa maji, ikateleza, ikainuka na maji yakimiminika mkiani, ikapita juu ya vichwa vyetu. Ikamwaga. Ikarudi, ikamwaga tena, mara saba. Sisi tukapanda kwa matawi kumalizia pembeni, kama ulivyotufundisha. Lameki alikuwa wa kwanza, bado ana povu masikioni, analia waziwazi akikuita kwa jina lako, si Bibi Rubani. Moto ulikufa hatua chache chini ya chemchemi. Mizinga miwili imeungua. Kumi na miwili ipo, na nyuki wamekasirika lakini wapo.

Mzigo wa mwisho ulipotea njia ukaangukia kaburi lako. Tulikimbia kuangalia kama msalaba umesimama. Umesimama. Na chini yake tukakuta perege mdogo, sawa na kidole, anarukaruka. Neema akamwokota akamtazama, akasema, "Bibi si alimwambia rubani aje na mboga yake?" Tulicheka mpaka tukakaa chini, halafu sote wawili tukalia.

Rubani alikuja kula kwetu mchana ule. Mlenda alikula. Akaongeza.

Ndege imeondoka, Bibi, ilikuwa ya maonyesho tu. Kamati nimewaambia ukweli wote, barua na misumari na puu. Nilitegemea wanifukuze. Lameki akasema hiyo ni huruma, adhabu yangu niwe mwenyekiti mahali pako. Wote wakanyoosha mikono. Nakuahidi nitatangulia mbele kila kiangazi na gauni sitalifunga kwa kuwa sina, ila suruali nitaikunja. Mizinga iliyoungua nitachonga mingine kabla ya mvua. Na karatasi nitakayopewa na mtu yeyote mkononi, hata awe anaomba meli, itafika siku hiyohiyo.

Barua hii siiweki kwenye begi. Nikimaliza kuandika napanda nayo kilimani kwa miguu, nikusomee mimi mwenyewe. Nitakuja na nyingine. Kabla ya kuondoka ofisa alinipa bahasha yenye jina lako. Nimeifungua, unisamehe, ndivyo waume walivyo. Wanasema ndege ya kutupa hawana, hata iliyotumika. Lakini kilima chetu wamekiandika kwenye orodha yao, ndege kama ile ikipatikana tena na moto ukawaka, tutapigiwa simu. Wameandika "Mpendwa Bibi Damari." Wamegonga muhuri.

Pumzika sasa, mke wangu. Usitoke tena na mwiko kutazama juu. Uliniuliza swali nikakudanganya, na jibu la kweli ninalo mkononi.

Wamejibu, Bibi.

Mumeo mdogo,
Yeremia