Kwa Shangazi Damari, Kuhusu Wanaonunua Vyombo kwa Televisheni

Shangazi Damari,

Mbukwa. Nimeanza na salamu ya Kigogo kama ulivyotaka siku zote, na baada yake shikamoo, maana hukumruhusu mtu yeyote akupe moja akakunyima nyingine.

Ni mwaka na miezi sasa tangu tukuzike kwenu Gulwe. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na ukiwa na hasira barua haiandikiki, unaishia kutoboa karatasi. Leo mkono umetulia kidogo.

Duka lipo. Nakuambia mapema usikae huko na wasiwasi. Lipo palepale Ipagala, na jina lako bado liko juu ya mlango, ingawa jua limeila herufi ya mwisho. Mimi ndiye ninayefungua, mimi ndiye ninayefunga.

Lakini watu, Shangazi. Watu wamezidi.

Unaikumbuka ile televisheni ndogo uliyoiweka juu ya rafu ya hotpoti? Majirani walidhani umeiweka kuvutia wateja. Mimi ndiye niliyejua kuwa uliiweka upate cha kusonya. Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limeshafukuza kila mtu barabarani, ulifungua ile chaneli ya mauzo, ukakaa kwenye kiti chako cha plastiki, nami juu ya kreti ya soda, tukamtazama yule kijana wa suti ya bluu akikaanga yai. Yai linateleza huku na huku, na yule dada wa pembeni anashika mashavu: "Haiwezekani!" Ndipo ulipotoa ule msonyo wako mrefu. "Haiwezekani nini? Mafuta nusu chupa humo. Hata kwenye koleo lingeteleza."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Saa zile ndizo zilizokuwa bora katika maisha yangu, nakiri. Tangu mama aliponileta kwako nikiwa darasa la tano, wenzangu walibembelezwa kwa nyimbo, mimi nikabembelezwa kwa dharau yako. Na nilinenepa.

Kilichotukera sisi wawili ni kwamba kikaango kile tulikuwa nacho. Kilekile, cheusi ndani, chekundu nje, mpini wa kahawia. Kilikaa rafu ya tatu nyuma ya wavu wa chuma. Na watu wa mtaa huuhuu, watu wanaotujua kwa majina, walitupita mlangoni wakaenda nyumbani kupiga simu Dar es Salaam, waletewe kikaango kilekile kwa bei ya juu zaidi, tena wakisubiri siku nne. Kisha chupa ya chai. Kisha visu. Vitu vya kawaida kabisa, Shangazi, vitu ambavyo ukinyoosha mkono unavipata!

"Kwa nini?" nilikuwa nakuuliza.

"Ni wapumbavu," ulijibu. "Mtu asiyeona kilicho mbele ya pua yake utamfanyia nini?"

Nikaamini. Jibu lako lilikuwa fupi na lilinitosha.

Siku ya msiba wako nililisadiki zaidi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, na nyuma yangu wanawake watatu wa mtaani kwetu, waliopanda basi kutoka Dodoma kuja kukulilia, walikuwa wanazungumzia mashine ya kukatia vitunguu. "Unabonyeza mara moja tu, shoga, vyote chwaa!" Na vitunguu vya pilau ya msiba wako vilikatwa kwa visu vyako, kwa mkono, na wanawake wa Gulwe ambao hawana hata king'amuzi. Nilitamani ufufuke dakika moja tu. Usonye, kisha urudi.

Sasa nikueleze la Mwalimu Lea.

Unamjua, yule mwalimu mstaafu mwembamba, nyumba ya tatu kutoka kanisani, anayetembea kama anahesabu hatua. Na unamkumbuka yule mwendesha bodaboda mwenye mvi aliyekuwa anataka kutuachia mizigo ya televisheni, kwa kuwa mtaa hauna namba za nyumba na kila mtu analijua duka la Damari. Ulimfukuza kwa ufagio. "Duka langu liwe stoo ya matapeli?" Wiki tatu baada ya kukuzika akarudi. Akanipa pole, akavua kofia, akaniomba tena. Sikuwa na nguvu ya kushika ufagio. Nikapokea boksi.

Lilikuwa la Mwalimu Lea. Kona moja ilikuwa imepasuka, na nikaona wekundu. Kikaango chetu, Shangazi.

Nilisimama nalo nikihisi damu inanipanda kichwani. Wewe ndiyo kwanza umelala, wavu wetu umejaa vumbi, na yeye analetewa kikaango chetu kupitia mlango wetu! Nikafunga duka mchana kweupe. Nikachukua boksi lake mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kikaango cha rafu ya tatu, nikaenda kwake.

Nilimkuta uani na wanawake wawili wakimenya karanga. Kusema kweli nilifurahi kuwakuta. Nilitaka mashahidi.

"Mwalimu, shikamoo," nikasema. Nikafungua boksi, nikaviweka vikaango viwili chini mbele yake. "Niambie kipi kimetoka kwenye televisheni na kipi kimetoka dukani kwetu."

Akavigeuza. Akavigonga kwa kidole, kimoja baada ya kingine. "Sioni tofauti," akasema.

"Basi kwa nini, Mwalimu? Sisi tuko hapo, hatua mia hazifiki. Shangazi amekufa akijiuliza."

Nilikuongezea hilo la mwisho. Hukuwahi kujiuliza. Nisamehe, nilitaka limchome.

Wale wanawake wakaacha kumenya. Mwalimu Lea akafuta mikono kwenye kanga, akaongea taratibu, kama anamweleza mtoto wa darasa la pili.

"Mwaka niliostaafu nilikuja dukani kwenu. Nilitaka kujinunulia kitu kimoja kizuri cha jikoni, changu mwenyewe. Nikaonyesha kikaango hikihiki, nikaomba nikishike. Shangazi yako akaniambia mbele ya watu, 'Hicho si cha kupikia mlenda, Mwalimu. Sufuria za mlenda ziko kule chini.' Pesa nilikuwa nimeishika mkononi, imelowa jasho. Na wewe, Eseri, ulicheka."

Shangazi, nililikumbuka saa ileile. Sisi tulikuwa tunalisimulia. Tulilisimulia mezani, tulimsimulia mama alipokuja kutembea, ukaigiza mpaka alivyorudisha mkono. Na katika usimulizi wetu Mwalimu Lea naye alikuwa anacheka. Sijui ni nani aliyemwekea kicheko kile. Nadhani ni mimi.

"Yule kijana wa televisheni ni mwongo," akaendelea. "Nimefundisha watoto maisha yangu yote, mwongo namjua kabla hajafumbua mdomo. Ananiita mama mpendwa, na najua anawaita wote hivyo. Lakini kikaango anakigeuza juu, anakigeuza chini, anakigonga, anarudia tena, wala haniulizi 'Unachukua au unatazama tu?' Nikiwa sitaki, nazima. Hakuna anayenisindikiza kwa msonyo mpaka barabarani."

Nilipaswa kunyamaza, lakini umenilea wewe. "Kwa hiyo unalipia kubembelezwa," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Wala si ghali."

Wanawake wakacheka. Nikaokota kikaango chetu nikaondoka, na maganda ya karanga yamenishika kwenye sketi.

Siku mbili sikufungua duka. Kwanza nilimkasirikia Lea. Kisha nikakukasirikia wewe. Sikujua kuwa mtu anaweza kumkasirikia aliye kaburini, na ni kazi ya kuchosha, maana hajibu. Nilikaa chumbani kwako nikakuuliza kwa sauti: ungepungukiwa nini kama ungemwacha ashike? Kikaango! Kingeyeyuka?

Halafu nikakumbuka na mengine. Nilikumbuka ulivyokuwa unaniweka karibu na sufuria mpya, unaigonga kwa ufunguo, unaniambia, "Sikiliza. Nzima inaimba, yenye ufa inakohoa." Hukuwahi kumuuzia mtu sufuria inayokohoa, hata yule uliyemtukana. Nikakumbuka ulivyokuja mjini peke yako, mume amekuacha, na watu wakasema duka la mwanamke wa Gulwe halitamaliza kiangazi. Hatukuwa na mlinzi, hatukuwa na mbwa. Tulikuwa na ulimi wako. Ulilinda duka vizuri, Shangazi, mpaka likalindwa hata dhidi ya wateja.

Siku ya tatu nikamwita fundi wa kuchomelea, nikamwambia ang'oe wavu.

Usiruke huko uliko. Ndiyo, wavu wote. Kaunta nimeisogeza ukutani, na watu wanaingia mpaka kwenye rafu. Na ni vituko! Wanashika. Wana vidole vya mafuta ya maandazi, wanashika vioo. Wanafunua mifuniko ya hotpoti na kunusa ndani, sijui wanategemea kukuta nini. Mwanamume mmoja alivaa sufuria kichwani kumchekesha mkewe. Mwingine aliniuliza kama kikaango hiki ni "kile cha kwenye TV." Nikamwambia ni ndugu yake wa damu. Akakikumbatia, akakinunua palepale, kikaango alichokuwa akikipita kwa miaka yote. Shangazi, walikuwa wapumbavu, na bado ni wapumbavu. Hapo hukukosea. Juzi jirani wa nyuma ameagiza mopu kwa simu. Mopu! Fimbo na matambara! Amesubiri wiki nzima sakafu ikiwa chafu.

Kila siku natamani kusonya. Nakwenda stoo, nasonya humo peke yangu, narudi na uso wa "karibuni."

Mwalimu Lea alikuja mwezi uliopita. Mpini wa kikaango chake ulikuwa umelegea, unacheza kama jino la mtoto. Alikifunga kwenye kanga, lakini umbo la kikaango halifichiki. Nilimwona tangu akiwa barabarani, na sentensi ikaniandama mdomoni, ikiwa imeiva, kwa sauti yako kabisa: "Kumbe kijana wa suti hana bisibisi?" Ingekuwa sentensi bora ya mwaka. Wewe ungeila wiki mbili.

Nikaimeza. Ilinikwaruza koo.

Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Lete nikutazamie hicho." Nikachukua bisibisi, nikakaza mpini. Alisimama karibu akinitazama mikono.

"Damari angenisema leo," akasema.

"Angekusema mpaka Kondoa wasikie."

Akacheka, kisha akasema, "Alinisema mara nyingi. Lakini sufuria aliyoniuzia mwaka nilioanza kazi hapa, mpaka leo napikia." Akageuza uso kuelekea kwenye rafu. Nami nikazidi kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Hakununua kitu. Alishika vyombo karibu vyote, kimoja kimoja, bila haraka, akavirudisha vimekaa kombo, akaniaga. Nilipovipanga sawa baadaye nililia kwa mara ya kwanza tangu Gulwe. Sijui kama nilikulilia wewe, au yeye, au yule binti wa nyuma ya kaunta aliyekuwa anacheka.

Shangazi yangu, kalamu inaishiwa wino na kuna mteja amesimama mlangoni anapapasa chupa za chai. Nikuage hapa. Pumzika, usigombane na majirani zako huko, wamekuja bila vyombo na hawana cha kununulia.

Nakuahidi jambo moja. Mtu akikusema vibaya mbele yangu, nitakutetea mpaka povu linitoke, na sitamwachia hata neno moja. Kisha nitageuka, nitafungua duka lako, na nitafanya kinyume chako.

Binti wa kaka yako,
Eseri