Mililita Sitini

Dada yangu mpenzi,

Na ndiyo, bado ananichemshia chai kila asubuhi! Ule utani wako kwamba mapenzi ya wiki mbili huisha ya tatu umegonga mwamba. Leo tuko ya sita. Mimi mzima, nimenenepa, nacheka peke yangu jikoni. Wewe je? Bado unalala umeegemea mito mitatu? Ngazi unazipanda bila kukaa katikati?

Nina habari tamu. Unamkumbuka Bingwa, daktari wetu mkuu wa moyo, aliyekurudisha nyumbani mara tatu akisema vali yako, ule mlango wa moyo, inavuja kwa wastani tu, na kwamba nyie wanawake mnapenda kuhema? Nimemkomoa.

Kila Alhamisi madaktari hukutana kuamua nani apasuliwe, na mimi karani ndiye ninayeandaa karatasi. Mume wangu, mpiga picha za moyo wa hapa hapa hospitalini, alinieleza kinachokukwamisha. Wanapima damu inayorudi nyuma kila pigo. Ikifika mililita sitini ndipo huita kali na kupasua. Yako ni arobaini na nne. Lakini mstari huo, alisema, ulichorwa kwa kutazama zaidi mioyo ya wanaume, mikubwa. Moyo wako ni mdogo, kila pigo unasukuma themanini na nne tu, kwa hiyo zaidi ya nusu inarudi. Kikombe kikimwaga nusu, aliniambia, hakuna anayesubiri kimwage ndoo nzima.

Basi Alhamisi iliyopita niliandika karatasi yako bila jina, bila jinsia, bila mililita. Niliacha dalili zako na sehemu inayorudi: asilimia hamsini na mbili. Bingwa akasoma, akafoka mbele ya madaktari tisa kwamba huyu bwana anangojeshwa nini, afe? Apasuliwe mwezi huu. Akatia saini. Nilisubiri wino ukauke, Dada, halafu nikamwekea mbele faili lako lenye saini zake tatu za kukurudisha nyumbani. Muuguzi mkuu akauliza kwa upole kama huyo bwana naye anapenda kuhema. Jinsi walivyocheka! Bingwa akasema atanifukuza. Nikamjibu sawa, ila anifukuze kwa maandishi na aeleze sababu. Mpaka leo hajaandika.

Sasa limebaki jambo moja. Ripoti yako ya kwanza kabisa, iliyosema wastani, ina herufi mbili za jina la mpimaji chini. Ni za mume wangu. Niliomba kazi hapa ili nimjue mwenye herufi hizo nimtie adabu. Nilimkuta wakati wa chakula cha mchana, hajala, anapima upya picha za wanawake, moja baada ya nyingine. Nilimtukana hata hivyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama bado unaweza kulala chali. Hapo nikaisha.

Nilikuficha hayo, hata siku ya harusi alipokushika mkono. Lakini nilikubali kuolewa kwa sharti moja: akuombe msamaha kwa mdomo wake, nami nimesimama pale pale. Nampenda mno, ila usimrahisishie. Mwache atokwe jasho.

Nisalimie shemeji, na Mama umbusu. Kitanda chako ni cha tarehe ishirini na nane. Fungasha nguo, kabla ya siku hiyo tutakuwa mlangoni kwako, sote wawili, yeye mbele.

Mdogo wako,
Bibi harusi mwenye kisirani